Jibini la Marta: Wasifu wa Marehemu Veronika Mukandekezi (1953–2025)

Baba padri, wafiwa wenzetu, majirani wa Kabeza, na ninyi mliosafiri kutoka Lushoto na Arusha, poleni na asanteni kwa kufika. Wasifu huu unasomwa na Gwiza, binti mkubwa wa marehemu, na umeandikwa kwa Kiswahili kwa sababu mwenyewe aliagiza hivyo. Alisema Kinyarwanda kitawaacha ndugu wa Lushoto nje ya mlango, na Kifaransa kitamwacha nje yeye mwenyewe, na hakuwa tayari kuachwa nje siku ya mazishi yake.

Veronika Mukandekezi alizaliwa tarehe 3 Agosti 1953 katika milima ya Lushoto, Tanganyika, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Bizimana, mfugaji, na Mama Marta. Bibi yake mzaa mama, Mukantwari, alikuwa Mnyarwanda aliyefika Tanga mwaka 1929 pamoja na kaka yake, enzi zile watu wa kwetu walipokwenda kukata mkonge kwa mkataba. Joto la mkongeni lilimshinda. Akasikia kwamba huko juu milimani kuna shamba la wazungu lenye baridi na ng'ombe. Mnyarwanda akishasikia habari ya ng'ombe, nani atamzuia? Akapanda.

Shamba lile lilikuwa la familia moja ya Waswisi, akina Pralong. Walihama kwao mwaka 1926, baba, mama na wana wawili wa kiume, wakaja kulima viazi na kabichi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Mwana mdogo aliitwa Théodule, na watu wa shamba wakamfupisha wakamwita Tedu. Mukantwari alipewa kazi kwenye nyumba ya maziwa. Mwaka 1932 akamzaa Marta, mtoto mweupe mwenye nywele za kahawia, na hakuna aliyehitaji kuuliza baba ni nani. Mwaka 1935 Tedu alipanda meli kurudi Ulaya, asionekane tena. Mwaka uliofuata shamba likauzwa na Waswisi wote wakaondoka.

Mukantwari na mwanawe wakabaki na kitu kimoja tu cha Tedu. Kilikuwa kitu cha duara, kipana kama sahani ya pilau, kizito, kigumu, cha rangi ya udongo mkavu, kimechongwa herufi M upande mmoja. Kilifungwa kwenye kitambaa kikaning'inizwa juu ya jiko, moshi ukikipitia mwaka hadi mwaka. Nyumbani waliita "jiwe la babu". Kabla ya kufariki, Mukantwari alimwambia Marta, "Hili ni la mazishi yako. Ndivyo alivyosema baba yako." Huenda yeye alijua ni kitu gani. Marta hakuuliza, na hapo ndipo alipotofautiana na binti yake.

Maana Veronika aliuliza tangu alipojua kusema. Mwaka 1959, akiwa na miaka sita, alipanda juu ya kinu mama yake alipokwenda mtoni, akalifungua jiwe la babu, na kwa kuwa macho na mikono havikumpa jibu, akaliuma. Jino la utotoni likabaki humo. Marta aliporudi alimkuta na damu mdomoni, akamchapa kiboko cha kwanza, na kabla hajashusha cha pili mtoto akauliza huku analia, "Mama, jiwe lina chumvi kwa nini?" Marta akatupa kiboko chini. Alisimulia kisa hicho maisha yake yote, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba kumchapa mtoto wa namna hiyo ni kujichosha bure.

Lakini kulikuwa na swali jingine lililomkaa kooni. Pale mtoni watoto wenzake walimwambia, "Babu yako mzungu aliwakimbia." Alipomfikishia mama yake maneno hayo, Marta alimjibu, "Kula ugali wako usije ukapoa." Hakujibiwa zaidi ya hapo. Basi Veronika akakua nalo: je, Tedu alimhesabu Marta kuwa mwanawe, au alimwacha kama mtu anavyoacha kibanda cha shambani msimu ukiisha? Wengi wetu tungeshasahau. Yeye alilibeba kwa miaka hamsini na tisa.

Alisoma shule ya msingi ya misheni Lushoto kuanzia mwaka 1961, kisha sekondari Korogwe, akamaliza mwaka 1971. Barua za walimu wake tunazo bado. Mmoja aliandika, "Ana bidii, ila anazuia somo lisiendelee." Alisomea ukarani Tanga, na kuanzia 1974 hadi 1986 alifanya kazi katika masjala ya ardhi mjini humo, akipanga mafaili, akiyapangusa vumbi na kuyatafuta yaliyopotea. Mkumbuke masjala hiyo, tutairudia.

Hapo masjala ndipo alipokuja kijana mmoja fundi wa malori, Valens Karangwa, mtoto wa wakimbizi waliotoka Rwanda mwaka 1959, kuulizia kiwanja cha tajiri wake. Veronika alimtazama juu mpaka chini akamwuliza kwa nini amefunga kamba ya kiatu kimoja tu. Karangwa akaeleza kwamba ya pili ilikatika asubuhi akifukuzana na basi. Akaulizwa basi lilikuwa linakwenda wapi, na kwa nini alichelewa, na nani humpikia. Karangwa alikuwa akisema kwamba alikwenda kuulizia kiwanja akatoka amechumbiwa. Walifunga ndoa Tanga tarehe 22 Desemba 1979, na Mungu akawajalia watoto watatu: Gwiza, Ngabo na Uwera. Mwaka 1986 walihamia Arusha.

Tarehe 11 Juni 1988 Mama Marta alifariki Lushoto. Veronika alifika kutoka Arusha akiwa hajalala, akamkuta mdogo wake, Twizeyimana, amekwisha kulishusha jiwe la babu. Marta alikuwa ameacha neno lile lile: ni la mazishi yangu. Sasa wafanye nini nalo? Twizeyimana alitaka walipasue kwanza waone ndani kuna nini. Veronika akakataa. Alishona kitambaa kipya cheupe kwa mkono wake, akalifunga, wakaliweka miguuni mwa mama yao ndani ya jeneza, na Twizeyimana akapiga misumari. Walidhani wametimiza. Siku moja tu katika maisha yake Veronika hakuuliza kitu, na ndiyo ilikuwa siku hiyo.

Mwaka 1996 familia ilirudi Rwanda. Karangwa aliikuta nyumba ya baba yake haina paa wala mtu wa kumfungulia, na hilo hakupenda kulisema, nasi tutaishia hapo. Walikaa kwanza Nyakabanda, kisha wakajenga Kabeza, na mwaka 1998 Veronika akafungua duka la maziwa karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Wengi mliopo hapa mmekunywa ikivuguto chake, maziwa yale mazito ya kugandishwa, mkiwa mmesimama kaunta na kuhojiwa. Alijua mtoto wa nani amefaulu na nani kahama mtaa wa Batsinda kwa sababu gani. Watoto wa mtaa wakampa jina la Mama Kuki, yaani Mama Kwa Nini. Karangwa alifariki mwaka 2009, na duka likamsaidia kubaki na watu wa kuongea nao.

Kitu kimoja hakukinywa wala kukila dukani mwake, nacho ni jibini. Mukarugwiza, mama mmoja wa Gishwati anayetengeneza jibini huko kwao, alikuwa akimletea auze, naye aliyauza bila kuyaonja. Alikuwa na msimamo wa wazee wetu wengi: maziwa hunywewa, ukiona yanatafunwa ujue yameugua.

Mwezi Aprili 2015, akisafisha rafu ya juu, alikuta nyuma ya makatoni jibini moja zima lililosahaulika kama miaka miwili. Limekauka, limekuwa na rangi ya udongo. Aliligonga kwa kidole. Akatega sikio, akaligonga tena. Halafu, mbele ya wateja wanne na Mukarugwiza mwenyewe, mwanamke wa miaka sitini na moja akaliuma.

"Yewe mama we!" Mukarugwiza akapiga kelele. "Hiyo foromaje iko na miaka mbili pale juu! Tema, itakuletea ugonjwa!"

Veronika hakutema. Alitafuna polepole, machozi yakimtoka.

"Mukarugwiza," akasema, "hili nililiuma mwaka 1959."

"Mwaka 1959? Mama, mimi nilikuwa sijazaliwa, hata baba yangu alikuwa hajaoa!"

Hivyo ndivyo alivyojua kwamba jiwe la babu lilikuwa jibini. Na jibu hilo, kama ilivyokuwa desturi yake, likazaa swali kubwa kuliko lile la kwanza. Mtu gani anamwachia mtoto mdogo jibini, halafu anasema ni la mazishi yake? Ni mzaha? Ni laana? Kwa miezi kadhaa kila mzungu aliyeingia dukani kununua maji aliulizwa kama kwao watu huzikwa na jibini. Wengi walilipa haraka wakaondoka.

Mwaka 2017, akiwa na miaka sitini na minne, alipanda basi hadi Tanga akaingia masjala ile ile ya ardhi aliyofanyia kazi. Jina la Pralong hakuwahi kulisikia, maana Lushoto wote walisema Tedu tu. Lakini mto aliujua, na kilima alikijua. Akaomba mafaili ya mashamba ya upande ule, akayasoma ramani baada ya ramani kwa siku tatu. Siku ya tatu alilipata: shamba, mto, kilima, majina ya watu wanne, na kijiji walichotoka, kijiji cha juu milimani katika jimbo la Valais, Uswisi. Jalada lilikuwa na mwandiko wake mwenyewe. Alilibandika namba mpya mwaka 1977, akalirudisha kwenye rafu, akaendelea na kazi. Kwa miaka kumi na miwili babu yake alikuwa hatua sita kutoka mezani kwake. Alimpigia Gwiza simu pale pale, akicheka hata hasemi vizuri.

Gwiza aliandika barua kwa Kifaransa kwenda ofisi ya kijiji hicho. Kilipita kimya cha miezi minane. Tarehe 19 Julai 2018 likaja jibu kutoka kwa Bi Odile, mwalimu mstaafu, ambaye bibi yake alikuwa dada yake Tedu, yule pekee katika familia aliyeolewa na kubaki kwao. Gwiza aliitafsiri barua kwa sauti nyuma ya duka, mama yake akiwa amekaa juu ya kreti ya soda, na Twizeyimana akisikiliza kwa simu kutoka Lushoto.

Bi Odile aliandika kwamba katika bonde lao mtoto akizaliwa, watu wa nyumba yake humtengenezea jibini, hulichonga alama yake, na kuliweka ghalani. Halikatwi katika maisha yake yote. Siku anapozikwa ndipo hukatwa, na wote waliokuja kumzika hulila pamoja na mkate, ili mtu awakirimu wageni wake hata siku ya mwisho. Akaongeza kwamba kibarua hapewi jibini hilo, wala mgeni, wala rafiki. Hupewa mtoto wa nyumba. Tedu, aliandika, alirudi mwaka 1935 akiwa mgonjwa wa mapafu, akafa Februari 1936, na jibini lake likaliwa. Na ndani ya bahasha alitia nakala ya ukurasa wa daftari ambamo bibi yake aliandika majibini yote ya ukoo. Mstari wa mwisho ulisomeka hivi: "1932. Marta, binti wa Théodule. Liko kwake, Afrika."

Veronika alimwambia Gwiza ausome tena mstari ule. Akausoma mara tatu.

"Binti wa Théodule," Veronika akasema. Halafu akashika kichwa. "Mana yanjye, Mungu wangu! Twizeyimana, unasikia? Tumemzika mama pamoja na karamu yake!"

"Dada, mimi si nilisema tulipasue kwanza?" sauti ya Twizeyimana ikatoka kwenye simu. "Wewe ndiye uliyenikatalia. Na kitambaa ulishona wewe."

"Na misumari ulipiga wewe."

"Nilipiga, dada," akasema, na wote wawili wakalia, mmoja Lushoto na mwingine Kabeza, kwa ajili ya mama aliyefariki miaka thelathini nyuma.

Msidhani alimgeuza Tedu kuwa mtakatifu. Wiki hiyo hiyo alisema, "Alimhesabu, na bado alipanda meli akawaacha. Nimepata babu, sikupata malaika." Lakini lile la kukimbiwa lilimtoka kooni. Aliporudi Lushoto Krismasi ya mwaka huo aliwatafuta wazee aliokuwa akichota nao maji, akawasomea mstari wa daftari mmoja mmoja, hata wale wasiosikia tena.

Majuto ni mjukuu, ila Veronika hakuwa mtu wa kukaa na mjukuu huyo nyumbani. Mwezi Septemba 2018, kabla ya safari hiyo ya Krismasi, alikwenda Gishwati na Gwiza, akavaa aproni ya Mukarugwiza, akatengeneza jibini kwa mikono yake, akachonga M. Bi Odile alikuwa amesema lazima litengenezwe na mtu wa nyumba, na mtu wa nyumba ya Marta alikuwa ni yeye. Alitaka likomae vizuri, kisha alipeleke Lushoto liliwe kaburini kwa mama yake. Kwanza lilikuja korona, kisha ugonjwa. Jibini likabaki Kabeza juu ya kabati, na mgeni aliyeligusa aliambiwa aombe radhi.

Ugonjwa wa figo uligunduliwa Mei 2022. Mara tatu kwa wiki alikwenda kusafishwa damu, na wauguzi wanasema alijua mashine ile kuliko fundi wake. Duka alikuwa amekwisha kulifunga mwaka uliotangulia. Mwanzoni mwa mwezi huu wa Machi hali ilibadilika, akalazwa.

Jumapili tarehe 9 alimshika Gwiza mkono. Alitabasamu kama mtu anayetania, lakini mkono hakuuachia.

"Gwiza, nauliza. La Marta lipo. Mimi mtanikatia nini?"

Gwiza alitoka nje akalia, na hilo linasemwa hapa kwa sababu ni kweli. Kisha akampigia Mukarugwiza simu. Kesho yake mchana mama huyo aliingia wodini na kikapu, jasho likimtoka. "Mama, samahani, njia iko mubaya ile mvua," akasema, akafunua. Ndani mlikuwa na jibini la duara la miaka sita na nusu, lenye herufi V. Siku ile ya Septemba, Veronika alipokwenda kuuliza majina ya ndama wote wa Mukarugwiza, na walikuwa ndama kumi na wanne, Gwiza alivaa aproni ile ile na kutengeneza la pili. Hakumwambia mama yake. Alilificha Gishwati akiomba lisihitajike upesi.

Veronika aliliweka juu ya tumbo. Aliligonga mara tatu, akisikiliza. Akapapasa ile V kwa kidole gumba.

"Chumvi umetia ya kutosha?" akauliza.

"Utajuaje, mama? Wewe hutakula."

Alicheka mpaka mashine ya kitandani ikalia na muuguzi akaja mbio. Hilo ndilo swali la mwisho tulilomsikia akiuliza. Alilala sana siku ya pili, na Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa nne asubuhi, alifariki dunia akiwa na watoto wake wote watatu na lile jibini juu ya kimeza.

Marehemu ameacha watoto watatu, Gwiza, Ngabo na Uwera, wajukuu watano, mdogo wake, Mzee Twizeyimana wa Lushoto, rafiki yake Mukarugwiza wa Gishwati, na Bi Odile wa Uswisi, ambaye ameomba saa hii hii kengele ya kanisa la kijiji chao ipigwe.

Tukitoka hapa makaburini Rusororo tutakwenda nyumbani Kabeza kukaraba, yaani kunawa mikono baada ya mazishi, kama desturi yetu ilivyo. Tunajua kwetu watu hawali msibani wakafurahi. Leo tunawaomba mle. Mtakuta mkate, ikivuguto, na majibini mawili. Mzee Twizeyimana ndiye atakayekata, mkono ule ule uliopiga misumari mwaka 1988, na ataanza na lenye M, kwa maana Mama Marta amewangoja wageni wake miaka thelathini na saba. Kisha atakata lenye V. Vipande ni vidogo na ni vigumu, wenye meno ya kuazima wavumilie. Asiondoke mtu hajaonja, kwa sababu marehemu ndiye mwenyeji wenu leo, naye alihesabiwa.

Mwenyezi Mungu amlaze Mama Veronika Mukandekezi mahali pa amani, na maswali yaliyobaki amjibu mwenyewe. Lile la chumvi tutamjibu sisi, jioni ya leo.